UZI: Maziwa ya Mpemba, maharage ya chini ya meza, na namna ya kupanga jaribio linaloweza kukuambia "hapana"

#1 Mwalimu wa Maabara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi Jumamosi binti wa jirani yangu, yupo kidato cha pili, aliniletea daftari la mradi wake wa sayansi nilipitie. Alitaka kujua kama maji yaliyooshea mchele yanakuza maharage haraka kuliko maji ya bomba. Makopo mawili, udongo wa aina moja, mbegu tano tano. Baada ya siku 12 maharage ya maji ya mchele yalikuwa yamewapita wenzake karibu mara mbili. Kachora na grafu kwa rula, safi kabisa.

Nikamuuliza makopo yalikaa wapi. Akasema la maji ya bomba lilikaa dirishani, ila lile la maji ya mchele mama yake alilikataa kwa sababu ya harufu, akalisukuma chini ya meza ya jikoni. Nikamwomba anieleze hayo maharage marefu yalikuwaje kwa macho. Akasema membamba, ya njano njano, yamelala upande.

Wengi wenu mmeshaelewa. Mche uliokosa mwanga hurefuka kuutafuta. Kilichorefusha miche ni giza la chini ya meza, na kuhusu maji ya mchele hatujaambiwa kitu chochote. Binti alikaa kimya, akaliangalia daftari, akasema, "Mwalimu, kwa hiyo mimi sijui?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hapo ndipo ameanza kujua.

Sijaleta habari hii kumsema mtoto. Kafanya kazi kwa moyo kuliko watu wazima wengi. Naileta kwa sababu nimeshika maabara ya shule kwa miaka 19, na muda wote huo nimeona tunawafundisha watoto KUANDIKA jaribio (lengo, vifaa, hatua, matokeo, hitimisho) bila kuwafundisha KULIPANGA. Mtoto anatoka shule anajua vichwa vya habari vitano na hajui kwa nini makopo mawili lazima yakae dirisha moja.

Basi twende taratibu. Nitatumia jaribio ambalo ni letu, la kijana wa Kitanzania, Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu, shule ya sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ya friji ilikuwa finyu na mwenzake mmoja aliwahi akaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona atakosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu mzima. Darasa likaifanya utani.

Sasa tuangalie kile alichokiona Magamba kwa jicho la mtu anayepanga jaribio. Trei mbili. Moja ilikuwa moto, moja ya kawaida. Lakini pia moja ilikuwa imechemshwa na nyingine haikuchemshwa, kwa hiyo hewa iliyoyeyuka ndani ilikuwa tofauti. Huenda kiasi cha maziwa hakikulingana. Huenda trei moja ilikaa juu ya theluji ya friji na nyingine kwenye chuma kitupu. Kile unachokibadilisha wewe kwa makusudi tukiite kigeu huru, na hapa ni joto la kuanzia. Kile unachokipima mwishoni ni kigeu tegemezi, hapa ni muda wa kuganda. Vilivyobaki vyote, chombo, kiasi, mahali, aina ya maziwa, hivyo lazima uvishike visicheze. Kimoja kikicheza pamoja na kigeu chako huru, umerudi chini ya meza ya jikoni. Hutajua nani kafanya kazi.

Mpemba mwenyewe alilijua hili kuliko waliomcheka. Siku Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa, yule kijana alisimama akauliza swali lililokwishapangwa vizuri: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini? Tazama lilivyokaa. Vyombo vinafanana, ujazo ni sawa, na badala ya maziwa na sukari katumia maji. Mtoto wa shule kaondoa vikwazo vitatu kwa sentensi moja.

Osborne alidhani kijana kakosea, lakini hakumfukuza. Alirudi Dar akampa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu. Fundi akaleta jibu kwamba kweli, ya moto yalitangulia, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Wakuu, naomba msome tena hayo maneno ya fundi. Ndiyo sababu ya uzi huu. Mtu mwenye akili, mwenye vifaa, mwenye nia njema, alikuwa ameshaliamua jibu kabla ya kufungua friji. Ukirudia mpaka upate unachokitaka, utakipata tu siku moja, kwa sababu vipimo hupanda na kushuka. Kurudia ni lazima, ila idadi ya marudio unaiamua KABLA, unaiandika, na unaripoti yote, yaliyokupendeza na yaliyokukera. Kabla hujaanza jiulize: matokeo gani yakitokea nitakubali kwamba nimekosea? Kama huna jibu la swali hilo, bado hujapanga jaribio.

Nakaribisha maswali. Nipo.

#2 Kijana wa Tandika

Mwalimu shikamoo. Kwa hiyo mwisho wake ni upi, maji ya moto yanaganda haraka au hayagandi haraka? Maana nimeisoma sana hiyo habari mitandaoni na kila mtu anasema lake.

#3 Mwalimu wa Maabara

Marahaba kijana. Swali lako ndilo hasa, na jibu lake linategemea neno moja dogo: "kuganda" ni nini?

Mpemba kule Magamba aliangalia trei akaona maziwa yamekuwa aiskrimu. Yeye na Osborne walipolifanyia kazi pamoja, walipima muda mpaka maji YANAPOANZA kuganda. Walitumia maji sentimita za ujazo 70 kwenye bika (vikombe vya kioo vya maabara) za 100, wakaziweka juu ya karatasi ya povu gumu ili chini pasipitishe baridi, hivyo ile hoja ya kwamba chombo cha moto kinayeyusha theluji na kukaa vizuri ikafa hapo hapo. Walitumia maji yaliyotoka kuchemshwa ili hewa iliyoyeyuka isiwe tofauti. Walipopaka mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa sana, wakajua joto kubwa linatokea juu. Walikuta muda mrefu kabisa ni wa maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi, na yaliyoanza karibu na 90 yalitumia muda mfupi zaidi. Wakachapisha mwaka 1969 katika jarida la Physics Education.

Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden kule Uingereza walilichukua upya. Wao walipima muda wa maji kufika nyuzi 0. Hawakuona dalili ya maana kwamba ya moto yanatangulia. Na wakaonyesha jambo ambalo kila mwenye maabara alibandike ukutani: ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, unaweza kupata "matokeo ya Mpemba" ambayo hayapo. Maji ndani ya kikombe hayana joto moja, juu na chini panatofautiana.

Pia kufika nyuzi 0 siyo kuganda. Maji yanaweza kushuka chini ya 0 yakabaki maji, yakisubiri kitu cha kuyaanzisha, mkwaruzo wa chombo au chembe ya vumbi. Kikombe hiki kitaganda kikiwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri, cha pili yake kitachelewa zaidi, na hujui kipi. Kwa hiyo hawa wote wamejibu maswali matatu tofauti. Kabla hujabishana na mtu kuhusu matokeo, muulize alipima nini, wapi, na kwa kifaa gani.

Kwangu mimi, heshima ya Mpemba haipungui hata chembe. Aliona, akauliza, akajaribu mwenyewe kwa bika mbili, akavumilia kuchekwa. Mpaka leo wanafizikia bado wanahangaika na swali lake.

#4 Fundi wa Mafriji

Naomba nichangie kwa kazi yangu. Wakuu, friji lenyewe siyo kitu kilichotulia. Ukitia sufuria ya moto, thamostati (kidhibiti joto cha friji) inahisi joto, kompresa inawaka na kukaa muda mrefu. Sasa mtu akijaribu maji ya baridi leo na ya moto kesho, anakuwa amejaribu friji mbili. Halafu pembeni na nyuma kwenye mabomba kuna baridi kuliko katikati, tofauti yake unaisikia hata kwa mkono. Na kila ukifungua mlango kuchungulia, hewa ya nje inaingia. Vikombe viingie pamoja na vibadilishane nafasi.

#5 Mwalimu wa Maabara

Fundi, umenisaidia sana. Hili la kubadilishana nafasi ndilo nilikuwa nalivizia.

Nani aamue kikombe cha moto kikae wapi? Ukiamua wewe, mkono utakupeleka pale unapopapenda bila kujijua. Rusha sarafu. Kichwa juu, cha moto kinakaa kushoto, na ukitoka upande wa pili, kinakaa kulia. Kupanga kwa kura siyo mzaha wala uvivu wa kufikiri. Kunavunja uhusiano kati ya kigeu chako na yale yote usiyoyajua, pamoja na yale ambayo hujawahi kuyawaza. Vitu unavyovijua, vishike. Usivyovijua, vipigie kura.

#6 Bwana Shamba

Hapa mmefika kwangu. Mkulima mmoja aliniita nikaone mbolea mpya "imemkubali". Kaweka mbolea ile kipande cha bondeni, kipande cha juu kwenye mteremko kaacha na samadi yake ya kila mwaka. Akaniambia, "Bwana shamba, nimepima mashina 200 ya mahindi kila upande, huwezi kusema ni bahati." Nilikaa naye chini ya mwembe karibu saa nzima. Mashina 200 ya bondeni yote yamekunywa maji yale yale ya bondeni. Hayo siyo marudio 200, ni rudio MOJA lililopimwa mara 200.

Msimu uliofuata tulikata shamba lake mikanda minne kufuata mteremko, juu hadi chini. Kila mkanda tukaugawa nusu kwa nusu, na kila mkanda tukapiga kura nusu ipi ipate mbolea mpya. Mistari miwili ya pembeni hatukuipima, maana mahindi ya ukingoni hupata jua zaidi, na kati ya nusu na nusu mbolea huvuka mpaka kwa maji ya mvua. Mbolea ilishinda mikanda mitatu, mmoja ikashindwa kidogo. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo sana kuliko ile ya mwaka wa bondeni. Alipopiga hesabu ya bei ya mfuko, akarudi kwenye samadi na kuongeza urea kidogo.

#7 Mwalimu wa Maabara

Bwana Shamba, Mungu akuzidishie. Mengi ya mambo haya yalizaliwa shambani hasa. Ronald Fisher aliyeyaweka kwenye mpangilio alikuwa mtakwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, kazi yake ikiwa mavuno na mbolea kama wewe.

Pale pale Rothamsted kulikuwa na mama mmoja, mwanasayansi, Muriel Bristol, aliyedai anaweza kuonja chai ya maziwa akajua kama maziwa yametangulia kikombeni au chai ndiyo imetangulia. Fisher akalifanya jaribio: vikombe 8, vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, vimepangwa kwa kura, naye aonje na kuchagua vinne. Mtu asiyejua lolote, anayebahatisha tu, ana njia 70 za kuchagua vinne kati ya 8, na njia moja tu ndiyo ya kupatia vyote. Akipatia vyote, au anajua kweli, au limetokea jambo la mara moja katika 70. Kwa vikombe viwili tu, angepatia kwa kubahatisha nusu ya mara zote. Idadi ya marudio inatokana na hesabu ya namna hii. Na dhana inayowekwa mezani kujaribiwa ni ile ya kwamba HAKUNA tofauti, kisha tunaangalia kama matokeo yanaibomoa.

#8 Mama Wawili

Habari zenu. Mimi siyo mtu wa sayansi ila nafuatilia. Mwanangu akipata mafua nampa tangawizi na asali, siku ya tano anakuwa mzima. Nimeona kwa macho yangu si mara moja wala mbili. Mwalimu, na hilo nalo utasema sijui?

#9 Mwalimu wa Maabara

Mama, sitasema hivyo kwa dharau hata kidogo, na tangawizi na asali hata mimi nakunywa. (Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hilo nalisema kwa usalama tu.) Swali langu ni moja: asipopewa, angepona siku ya ngapi? Mafua ya kawaida huondoka yenyewe ndani ya wiki hivi. Hatuna mtoto huyo huyo, wiki hiyo hiyo, ambaye hakunywa. Kazi ya kundi linganishi, yaani wale wasiopewa kitu kinachojaribiwa, ni kutuonyesha yule mtoto tusiyeweza kumwona.

Ugonjwa mzito unaonyesha hili vizuri zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na dawa kidogo mno ya streptomycin ya kifua kikuu, haikutosha wagonjwa. Mtakwimu Austin Bradford Hill na wenzake wakasema, kwa kuwa haitoshi, basi igawiwe kwa kura na tujifunze. Wagonjwa 107. Mpangilio ulifungwa ndani ya bahasha, daktari hakuweza kumchagulia anayempenda. 55 walipata dawa pamoja na kulazwa kitandani, 52 walilazwa tu, kama ilivyokuwa kawaida ya wakati ule. Picha za mapafu zilisomwa na watu wasiojua nani kapata nini, kwa sababu jicho linalojua huona kinachotarajiwa. Baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki 4 katika wale 55, na 14 katika wale 52. Ripoti ilitoka 1948.

Sasa angalia upande mwingine, Mama. Katika wale 52 ambao hawakupata dawa, wapo waliopata nafuu. Kila mmoja wao angeweza kusema kilichomponya ni kile alichokuwa akila au kunywa wodini.

#10 Kijana wa Tandika

Mwalimu, samahani, hapa mimi nakwama. Kumnyima mtu dawa ili ulinganishe, hiyo ni haki kweli?

#11 Mwalimu wa Maabara

Ni swali zito na usiache kuliuliza. Kama ipo tiba inayojulikana kufanya kazi, kundi linganishi linapewa hiyo, siyo kuachwa hivi hivi. Na mtu huingia kwa hiari, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa.

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S. Ilijaribiwa nchi 7 za Afrika, vituo 11, watoto 15,459. Bagamoyo na Korogwe zilikuwemo, na Kilifi kwa wenzetu Kenya. Watoto wa kundi linganishi hawakuchomwa maji matupu. Wakubwa kidogo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, wachanga wakapewa ya homa ya uti wa mgongo. Walipata faida nyingine ya kweli, na chanjo hizo hazigusi malaria, kwa hiyo ulinganisho ukabaki safi. Waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi ya nne, matukio ya malaria yalipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne hivi. Siyo ngao kamili. Lakini kwa mama ambaye mtoto wake hulazwa kila msimu wa mvua, namba hiyo ni kubwa, na tunaweza kuiamini kwa sababu ya wale watoto waliochomwa ya kichaa cha mbwa.

#12 Mama Wawili

Nimeelewa sasa, ahsante mwalimu. Mdogo wangu anaishi Korogwe, sikujua haya kabisa.

#13 Kijana wa Tandika

Wakuu, nimerudi na matokeo. Jana na leo nimefanya kwenye friza la dada, duka la vinywaji. Vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, maji mililita 100 kila kimoja, yote nimeyachemsha kwanza, kimoja nikakiacha kipoe mpaka nyuzi 30, kingine nimekitia kwenye 80. Nimepimia kipimajoto cha jikoni. Chini nimeweka kipande cha povu la boksi la televisheni. Niliandika kabla: mara 6, na "kuganda" ni kuona utando wa barafu wa kwanza juu. Nilichungulia kila baada ya dakika 10.

Cha nyuzi 30 kimetangulia mara 4. Cha nyuzi 80 kimetangulia mara 2. Mimi nilitaka kabisa cha moto kishinde, nakiri. Ila nimeweka yote sita kama yalivyo.

#14 Mwalimu wa Maabara

Kijana, umenifurahisha kuliko unavyojua. Maswali matatu. Nafasi uliamua kwa sarafu? Zile mara mbili ambazo cha moto kilitangulia, kilikaa upande gani? Na maji ya moto ulipima kiasi kabla au baada ya kuchemsha?

#15 Kijana wa Tandika

Kiasi nilipima baada ya kuchemsha, kwa bomba la sindano. Sarafu nilirusha kila mara. Nimefungua daftari sasa hivi: zile mara mbili zote cha moto kilikaa kulia, upande wa ukuta wenye mabomba. Na mara zile nne nyingine, kulia kilikaa cha baridi mara tatu.

#16 Fundi wa Mafriji

Yaani kati ya mara 6, wa kulia kashinda mara 5. Hapo ukuta unashindana na maji.

#17 Kijana wa Tandika

Ndiyo naona. Dada kaniruhusu friza tena usiku, soda zikishatoka. Vikombe vyote viwili vitakaa katikati, umbali sawa kutoka ukutani, nimeshapima kwa rula na kuweka alama ya kalamu. Nimeandika mara 12 safari hii. Sarafu ipo juu ya friza.